Mwaka wa Breki za Nyuma

Kubadilisha breki za nyuma za tuktuk ya mizigo si kazi ya kumtoa mtu jasho. Unapiga jeki, unafungua nati, unatoa gurudumu, unachomoa dramu, unatoa shuu zilizoisha na kuweka mpya, unarudisha kila kitu mahali pake. Fundi asiye na maneno mengi humaliza kabla chai ya saa nne haijapoa. Nasema haya mapema kwa sababu mwaka niliokaa Kikima tulizibadilisha breki hizo tena na tena, mpaka nikawa nikiona spana moyo unanichafuka, na hata leo, na mvi hizi, nikisikia mtu akilalamika kwamba gari lake halishiki breki nahisi hasira ile ile ikinipanda. Juzi simu ilinipata Kitui, nikiwa nimeegesha pikapu yangu kando ya soko nikingoja kupakiwa mabati. Sauti ikaniambia Susu Mbithe ametuacha. Kwetu Ukambani susu ni nyanya. Huyu hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa nyanya wa Kikima nzima, ila mimi alinishika nikawa wake. Nilikaa ndani ya pikapu mpaka vijana wa kupakia wakagonga kioo kuuliza kama mabati bado nayataka.

Nilifika Kikima nikiwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye leseni mpya na kiburi cha kutosha watu wawili. Akina mama wa kanisa walikuwa na mwethya wao, yaani kikundi cha kusaidiana, leo kwako kupalilia, kesho kwangu kuchimba mtaro, na mwethya huo ulikuwa umenunua tuktuk ya mizigo: mbele pikipiki, nyuma sanduku la chuma juu ya magurudumu mawili. Kazi yake ilikuwa kushusha kabichi na maparachichi kutoka huko milimani hadi chini kwenye wanunuzi, kisha kupandisha saruji na mifuko ya mbolea. Walihitaji dereva. Wengi walimtaka Kimanzi, mwanamume wa bodaboda aliyeijua ile barabara kona kwa kona. Susu Mbithe akasimama mkutanoni na kusema kwamba tuktuk iliyonunuliwa na wanawake itaendeshwa na mwanamke, na kwamba yeye amemwona msichana mmoja anayeweza. Walibishana mpaka chai ikaisha. Mwishowe walikubaliana nipewe mwaka mmoja wa kujaribiwa. Ukiisha vizuri, usukani ni wangu. Ukiisha vibaya, anapewa Kimanzi. Sijui kama nimewahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka ule usukani. Nilikuwa naota nikiushika.

Chumba nilichopewa kilikuwa nyuma ya kinu cha kusagia unga. Kila kitu humo kilikuwa cheupe: kitanda, sufuria, nyusi zangu nikiamka. Kati yangu na chumba ambamo kikundi kilikutana kulikuwa na bati moja tu, na bati halina siri. Nililala kitandani nikisikia nikijadiliwa. Nilijua nani anasema natembea na kichwa juu sana, nani anasema sijui kupika, nani anauliza nitaolewa na nani nikishinda na grisi mikononi. Susu Mbithe alikuwa akiwaacha wamalize, halafu anasema kwa sauti ya chini, "Mkimaliza mniambie, tuombe twende nyumbani." Kisha anapita kwangu na bakuli lililofunikwa kwa sahani, ndani muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ukiwa bado na moshi, na ananisimamia mpaka nimalize. Alikuwa na mazoea ya kunishika shingo kwa nyuma huku nikila, kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Nilikuwa nalalamika. Leo nikila muthokoi mahali popote shingo yangu inasubiri ule mkono, na hauji.

Breki za kwanza ziliisha kihalali, hilo sina ubishi nalo. Mteremko wa kutoka Kikima ni mkali, kona juu ya kona, na ukibeba kabichi hadi juu ya sanduku, nyuma inakusukuma kama ng'ombe aliyeona maji. Nilipeleka tuktuk kwa Musau, fundi aliyekuwa na kibanda karibu na soko. Musau alikuwa mtu mzuri mwenye ubaya mmoja, hakuweza kufungua nati bila hotuba. Na mimi sikuweza kumwambia afanye haraka kwa sababu mali ya mwethya haiguswi na mtu mmoja. Hiyo ndiyo sheria. Ukichimba kisima cha mwethya, kila mmoja ashike jembe hata kama ni mara moja. Ukitengeneza tuktuk ya mwethya, kila mwenye hisa aje aone kilichotolewa na kilichowekwa, asije mtu akasema baadaye hakuhusishwa. Kwa hiyo siku ya breki walikuja akina mama wote na viti vyao. Kulianza maombi. Kukaja chai na mihogo. Mwenyekiti, Mama Ndunge, akataka kujua kwa nini breki za nyuma na si za mbele, Musau akaeleza, mwingine aliyechelewa akauliza swali hilo hilo, Musau akaeleza upya kwa furaha. Mimi nilisimama kando nikihesabu kabichi zikinyauka.

Hatimaye Musau alizipitisha shuu mpya mkononi hadi mkononi, vile vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga ambavyo hubana dramu kutoka ndani gurudumu likasimama. Kila mama alizipapasa na kutikisa kichwa. Akazifunga. Kisha akachukua bisibisi na kuipitisha kwenye tundu dogo lililo usoni mwa dramu, mahali ambapo fundi hurekebisha shuu zisikae mbali wala karibu sana. Tundu hilo huwa na kipira cha kuliziba. Chetu kilikuwa kimepotea tangu zamani, pande zote mbili, na hakuna aliyeona ni jambo la maana. Susu Mbithe alikuwa ameinama karibu sana, miwani ikimteleza puani.

"Kwa hivyo hiyo breki yenyewe inakaa humo ndani?" akauliza.

"Humo humo, Susu," Musau akamjibu. "Hizi nyuzi na mapaipu yote ni kelele tu. Maisha ya huyu msichana yako hapo kwa hilo shimo."

Susu akasema "Aiya," polepole, akalitazama lile tundu kwa muda mrefu. Nilimwona. Nilidhani ni mzee anayeshangaa mashine.

Baada ya siku chache breki zikaanza kuteleza. Si kwamba zilikufa. Zilikuwa zinashika, zinaachia, zinashika nusu. Nilishuka siku moja na maparachichi na kwenye ile kona yenye ukuta wa mawe nikakanyaga, nikakanyaga tena, tuktuk ikaendelea na safari zake kama isiyosikia. Nilishusha gia, injini ikapiga mayowe, nikaingiza gurudumu moja kwenye mtaro na kusimama. Maparachichi yalitawanyika barabarani, na watoto wa shule wakaja kuyaokota kwa furaha kubwa. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikimtukana Musau kwa lugha zote ninazozijua.

Musau alifungua, mbele ya viti vyote, baada ya maombi yote. Shuu zilikuwa zimelowa mafuta. Aliziinua juu wote waone.

"Sili ya ekseli, ule mpira wa kuzuia mafuta, imekufa," akatangaza. "Mafuta ya gia yanatoka huko katikati, yanaingia kwa breki. Hapa hata ungekanyaga na miguu mia, haiwezi shika."

"Sasa tunafanya nini?" Mama Ndunge akauliza.

"Sili mpya, shuu mpya. Na Mumbua apunguze mguu. Mguu wake ni mzito."

Mimi ndiye Mumbua. Nikamwambia mguu wangu haumwagi mafuta, akina mama wakacheka, na neno likabaki. Tangu siku ile, kupitia bati, nilisikia "mguu mzito" kuliko nilivyosikia jina langu. Nilienda mpaka Salama, kule kwenye barabara ya Mombasa, kutafuta sili, kwa sababu za Kikima Musau hakuziamini. Nilizunguka maduka ya spea kutwa nzima, nikala ndengu na chapati nimesimama, nikarudi na sili ambazo Musau alizigeuzageuza, akazinusa na kusema pengine ni bandia. Akaziweka hata hivyo. Wiki haikuisha. Shuu zikalowa tena. Tukabadilisha tena, na viti, na mihogo, na lile swali la kwa nini za nyuma. Mara moja Musau alisugua yale mafuta kati ya vidole viwili akasema, "Lakini mafuta ya gia hunuka. Haya hayanuki," na mimi, kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka na hotuba zake, nikamwambia afunge gurudumu nipakie mzigo. Sehemu hiyo ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Jibu lilikuwa kwenye vidole vyake na mimi nikamharakisha.

Mwaka ukazeeka namna hiyo. Nilijifunza kushuka kwa gia pekee, nikinusa injini, mgongo ukiwa umeloa. Wanunuzi wa chini walianza kusema mzigo wa Kikima huchelewa. Kimanzi akawa anapita kibandani kwa Musau siku za matengenezo, anasimama na bodaboda yake imewaka, hasemi kitu, anatazama tu, na huko kutosema kwake kulinikera kuliko matusi. Susu Mbithe peke yake hakutikisika. "Hizo breki zitatii," alikuwa ananiambia, huku bakuli likiwa mkononi mwangu na mkono wake shingoni. "Mimi nimezishikilia, mwana wakwa. Wewe shuka tu." Nilidhani anasema kama wazee wanavyosema.

Mkutano wa kuamua mambo yangu ulipangwa alasiri ya siku ya soko. Asubuhi yake niliamka mapema kuliko kawaida, nikachukua ndoo niende bombani. Kulikuwa kunaanza kupambazuka, na ukungu wa milima hiyo ya Mbooni, ule unaolowesha nguo, ulikuwa umelala uani. Nikasikia sauti upande wa tuktuk. Nikasimama. Susu Mbithe alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, kando ya gurudumu la nyuma, leso imefungwa kiunoni. Alikuwa ametoka kwenye maombi ya alfajiri kanisani, Biblia yake iko juu ya sanduku la mizigo. Mkononi alikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi, na ndani si dawa, bali mafuta ya kupikia yaliyoombewa, yale ambayo akina mama walikuwa wanabeba kanisani mhubiri ayawekee mikono, wakapake wagonjwa na milango. Aliingiza mdomo wa kichupa kwenye lile tundu na kumimina kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayempa mtoto dawa. Alikuwa anaomba kwa Kikamba, macho yamefumbwa. Alimwambia Mungu jina langu. Akataja kona zote za mteremko ule moja moja, ile ya ukuta wa mawe, ile ya mti ulioanguka, ile ya daraja, na kila kona akaomba nishikwe. Kisha akajikokota na magoti yake mabovu hadi gurudumu la pili.

Nilirudi chumbani na ndoo tupu. Nilikaa kitandani nikacheka, kisha nikauma blanketi ili nisipige kelele. Mwaka mzima! Sili za Salama, shuu, hotuba, mguu mzito, maparachichi mtaroni, na aliyekuwa akiniua ni mtu pekee aliyekuwa akinipenda. Nilimkasirikia kama sijawahi kumkasirikia mtu. Na kumbukeni nilikuwa sina hata mahali pa kuipeleka hiyo hasira. Nikaamua nitamwambia faraghani, polepole, mkutano ukiisha, na mkutanoni nitaomba wiki mbili tu za kuonyesha kwamba breki zimepona. Ulikuwa mpango mzuri.

Mpango huo haukufika mbali. Alasiri chumba kilijaa, na safari hii nilikuwa upande wao wa bati. Musau alisema amebadilisha kila kinachobadilika. Mama Ndunge, ambaye hakuwa mtu mbaya, alichoka tu kama mimi, akanitazama na kuniuliza swali ambalo lilistahili kuulizwa miezi mingi nyuma.

"Mumbua, hebu tuambie ukweli. Kuna mtu mwingine anagusa hiyo tuktuk, ama ni wewe tu?"

Susu Mbithe alikuwa mstari wa mbele. Kabla sijafungua mdomo alisimama.

"Mimi niseme. Huyu msichana hana makosa. Mimi namwombea kila asubuhi, na Ngai ananisikia. Kama breki zinasumbua, ni adui tu anatujaribu. Msimguse."

Mama mmoja nyuma akasema, "Susu, maombi hatukatai, lakini mguu ni mguu." Chumba kikacheka. Susu alibaki amesimama, kibeti amekibana kwapani, na nilijua kichupa kimo ndani yake. Ningetamka neno moja, mafuta, na kila mwanamke mle ndani angeelewa papo hapo, kwa sababu wote walikuwa na chupa kama hiyo nyumbani. Wangemgeukia. Wale waliomcheka kwa kunisimamia wangemcheka kwa kutaka kunizika, na kanisani, mahali ambapo ombi lake lilikuwa ndicho kitu pekee alichojivunia, wangeanza kunong'ona akisimama kuomba. Alikuwa ananitazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Ni mimi tu," nikasema.

Msinisifu. Sikuwa na wema wa aina hiyo. Neno lilitoka na nikatamani kulirudisha hapo hapo. Usukani alipewa Kimanzi kabla chai haijamiminwa. Jioni ile, huku bado naweza kushika funguo, nilikata vipande viwili vya tyubu kuukuu nikaviziba vile vitundu, nikavisukuma ndani kwa bisibisi mpaka vikakaza, kwa kuwa sikutaka kifo cha mtu. Musau akaweka shuu mpya, mara ya mwisho. Na zile breki zikashika. Zilishika mwezi huo, zikashika mwaka uliofuata. Habari zilinifuata hadi Kitui, ambako nilianza kuendesha magari ya watu mpaka nikapata langu: Kimanzi hana shida yoyote, kwa hiyo kweli ulikuwa mguu. Susu alikuwa akinipigia simu, na kabla ya salamu anauliza, "Breki zako ziko aje?" Namjibu ziko sawa. Sikuwahi kumwambia. Kila mara nilikuwa namaliza simu nikiwa nimemkasirikia upya, na nikiwa nimemkumbuka.

Kwenye mazishi walinipa sahani ya wali na nyama nikakaa karibu na majiko, kwa wapishi, mahali ambapo mtu husikia mengi. Akina mama walikuwa wanamtaja Susu kwa vicheko, jinsi alivyokuwa akibishana, jinsi alivyokuwa akipaka mafuta kila kitu mpaka mbuzi wa jirani. Kimanzi alikuwa pale, mzee sasa, tumbo mbele, anakata nyama.

"Mimi hakuwahi kunipaka," akasema. "Siku ya kwanza napewa ile tuktuk nilimkuta amesimama kando yake asubuhi. Nikamwambia, Susu, na mimi niombee breki, hiyo barabara ni mbaya. Akaniambia nitaombewa kanisani na wengine. Akafunga chupa yake akaiweka kwa kibeti. Akasema hiyo ilikuwa ya Mumbua."

Wakacheka wote, na mmoja akanigonga begani, "Unasikia? Na bado breki zilikukataa!" Nilicheka nao. Miaka yote hiyo nilidhani Kimanzi aliokolewa na vipande vyangu vya tyubu. Kumbe asubuhi ile Susu hakuwa hata amekuja kwa ajili yake. Alikuja kuniaga mimi, na nilikuwa nimekwisha panda gari la alfajiri bila kumwambia kwaheri, kwa kuogopa kwamba nikimwona nitasema.

Niliondoka kabla giza halijaingia. Kwanza nilizunguka pikapu, nikachuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na kupitisha kidole kwenye chuma, mazoea ambayo sijayaacha. Palikuwa pakavu, vumbi tupu. Nikaanza kushuka. Kwenye kona ya ukuta wa mawe breki zilishika, kwenye ya mti ulioanguka zikashika, na nilipofika ile ya daraja nikakanyaga kwa huu mguu wangu mzito, pikapu ikasimama pale pale nilipotaka, na nikaizima nikalia hapo barabarani mpaka lori lililokuwa nyuma yangu likapiga honi.